Mjomba Kibwana Avue Magurudumu

Sindeni, Handeni.
Jumatatu asubuhi.

Kwa Mjomba Kibwana,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA UKOO KWAMBA UVUE MAGURUDUMU KABLA YA SIKU YA POSA

Mjomba wangu, shikamoo. Sisi huku ni wazima. Mahindi yamenyauka kidogo, lakini aibu imestawi vizuri.

Nakuandikia kwa niaba ya ukoo. Jana walikutana kwetu, Bibi Swaumu akiwa mwenyekiti, wakaamua kwamba jambo zito kama hili halipelekwi kwa simu, na kwamba niandike mimi, kwa kuwa ndimi niliyesomeshwa chuo kikuu na sina shughuli nyingine. Jambo lenyewe ni ile video. Inamwonyesha karani mstaafu wa miaka sitini na kitu akiteleza katikati ya barabara ya Dar es Salaam Jumapili moja asubuhi, amevaa viatu vya magurudumu, yumo katika kundi la watu kama hamsini wenye viatu hivyo hivyo. Mzee huyo ni wewe. Tulijaribu kukataa, lakini mama akasema, "Yale masikio ni ya kwetu."

Kama ujuavyo, watu wa Jabiri, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi Korogwe, wataleta barua ya posa yangu Jumamosi ya pili baada ya Idi. Kwa desturi yetu anayeijibu ni mjomba, akiwa ameketi. Baba yake Jabiri ameiona video. Ametuma neno kwamba mwanawe haoi kwenye ukoo unaotembelea magurudumu, na akikuona nayo siku hiyo atageuza gari hapo hapo. Kwa hiyo uchumba wangu wote umesimama juu ya miguu yako, ambayo yenyewe haisimami.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Mavazi. Badala ya kofia ya kiua umevaa kofia ngumu ya plastiki, na magotini umefunga vitu kama magamba ya kobe. Bibi Swaumu aliuliza ni ugonjwa gani. Kabla hatujamjibu, magoti yako yalikuwa yameshaombewa dua msikitini. Tunaomba ufafanuzi, maana watu wanaendelea kuuliza kama umepata nafuu.

2. Salamu. Kijana mmoja kando ya barabara anakuamkia. Mpaka unaitikia "marahaba", umeshafika kwa muuza madafu, naye ndiye anayeipokea, wakati hakuwa ameamkia mtu. Bibi anauliza ni marahaba ngapi za ukoo wetu ambazo zimeshawaangukia watu wasiohusika. Huku nako vijana wa bodaboda hawanipi nafasi. Kila nikipita kijiweni wananiita: "Dada Yusra! Mjomba ameshatia matairi, honi anafunga lini?"

3. Kuanguka. Hili limewaumiza zaidi. Katika ukoo huu mtu mzima haanguki hadharani, na akianguka hacheki. Mjomba mdogo alipoanguka kwenye udiwani alitafuta mchawi mwaka mzima, na huo ndio ustaarabu. Wewe umeanguka kwa makalio mbele ya watu, ukainuka, ukajipangusa, ukacheka, wenzako wakakupigia makofi. Hukumlaumu mtu yeyote. Watoto wakijifunza hivyo, nani atabaki na kinyongo cha kuwarithisha wajukuu?

4. Barabara. Lami inayopita mbele ya nyumba yetu tunaifahamu. Ni ya malori, ya mabasi, na ya misafara ya wakubwa, ambayo sisi hupangwa kando kuipungia. Hatujawahi kuambiwa kwamba watu hamsini wasio na cheo wanaweza kuijaza barabara kwa sababu tu wamefurahi, na magari yakawasubiri. Habari hii ni ya hatari. Ikiwafikia watoto wa huku, watataka nao siku moja wapungiwe.

5. Mwanamke aliyekushika kiuno. Bibi Swaumu anataka kujua kama anakusukuma au anakuzuia. Kama katibu nilipewa kazi ya kumchunguza, nikaikuza picha mpaka uso wake ukawa madoa tu. Ni wa umri wangu, au amenizidi kidogo. Amefunga kilemba, mdomo wazi, na hajali nani anamtazama. Wala hakuna anayemtazama. Jambo hili limewaudhi wazee kwa sababu zao, na mimi kwa sababu zangu.

6. Safari isiyofika. Nimeitazama video mpaka mwisho, mara nyingi kuliko kazi ya ukatibu inavyohitaji. Mnaishia pale pale mlipoanzia. Hamkununua kitu, hamkuzika, hamkwenda kumjulia hali mgonjwa. Linganisha na Jabiri, mtu anayejua aendako, kwa sababu haendi. Nyumba ameshajenga, vigae mpaka jikoni. Aliniambia kwa upole, mbele ya mama, "Ukishaingia humu, Yusra, hutakuwa na shida ya kutoka tena." Kiti changu nyuma ya kaunta ameshakinunua. Nilisomea jiografia miaka mitatu, na sasa nitapata kona yangu. Mama alilia kwa furaha. Mimi niliinamisha macho, kama inavyompasa mchumba, nikaviona vile vigae, na Mungu anisamehe, nikawaza jinsi magurudumu yangeteleza juu yake.

Kwa hayo yote, ukoo unaomba uache mchezo huu mara moja. Utume video nyingine ukiwa umekaa, ndefu ya kutosha kuwaridhisha watu wa Korogwe. Siku ya posa uje kwa basi, ndani ya kanzu, na viatu visivyo na maoni yake. Kiti chako tumekiandaa. Mama amekigeuza juu chini na kukikagua: kina miguu minne, na yote imetulia.

Wanakusalimu mama, Bibi Swaumu na majirani wote walioiona video, yaani majirani wote. Nawe tusalimie hao wenzako hamsini, hasa yule wa kilemba.

Ni mimi mpwa wako, niliyetulia kuliko kiti chako,

Yusra

N.B. Barua imesomwa mbele ya kikao, ikapitishwa, nikapewa niipeleke stendi. Haya ya chini hawajayasikia. Nilishamwambia mama kwamba simtaki Jabiri. Akasema, "Neno la mwisho ni la mjomba wako." Basi, mjomba, sikuombi useme neno. Wageni watakaa barazani, wameelekea barabarani. Kabla ya nyumba yetu kuna mteremko. Nimeutembea wote kwa miguu na hauna shimo hata moja. Njoo na wenzako wote watakaoenea kwenye basi la Kosta, muanzie juu. Kofia ngumu usiisahau. Mimi viatu navaa namba thelathini na nane. Kuanguka nitajifunza mwenyewe.