Gari Linakuja

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kahororo. Mvua tangu asubuhi. Sista Dativa, muuguzi wa zahanati moja huko Ngenge, amepiga simu kuilalamikia Ngazi. Ngazi ni lugha ndogo ya kompyuta niliyoitunga na Hellen, mwenzangu katika ofisi hii ya chumba kimoja. Maneno yake ni ya Kiswahili, inasomeka mstari kwa mstari, na wauguzi huitumia kuandika maagizo ya kuita gari mama anaposhikwa na uchungu. Dereva wa kwanza anatumiwa ujumbe. Akijibu "hapana", anatumiwa wa pili. Tatizo: programu ikisubiri jibu, inasimama yote. Mama mwingine akizidiwa wakati huo, hakuna kinachotumwa.

Hellen anataka tuongeze neno moja, "ngoja". Litaandikwa pale tu penye kusubiri. Jibu likiwa bado, kompyuta itamshughulikia mama mwingine, na msomaji ataona kwa macho yake mahali kazi inaposimama. Wazo la mtoto wa shule. Wageni wa mradi unaotufadhili wanakuja Ijumaa. Nani atapiga makofi kwa neno "ngoja"?

Jumatano, 5 Machi
Nina mpango bora. Nimeondoa kusubiri kote, kimyakimya, ndani ya Ngazi yenyewe. Ujumbe unatumwa, programu inaendelea, jibu litakuja likija. Hakuna neno jipya. Dativa habadilishi hata herufi. Hellen kaenda Ijumbi kumwona mama yake. Atakuta kazi imekwisha.

Ijumaa, 7 Machi
Wageni wameshangaa. Majaribio yote yamepita kwa mpigo, skrini imejaa "Gari linakuja". Mmoja aliuliza mbona madereva wamejibu haraka hivyo. Nikamwambia madereva wa Kagera ni wepesi. Hellen aliniangalia kwa muda mrefu. Wivu, nadhani.

Jumamosi, 8 Machi
Dativa alipiga mchana, tukiwa ofisini. Aliongea kwa sauti ya chini, kama anayeficha hofu ili mgonjwa asiisikie. Alikuwa na mama anayeitwa Immakulata, mimba ya kwanza, chupa imeshapasuka, mtoto amekaa vibaya. Skrini ilikuwa imeandika "Gari linakuja" tangu asubuhi. Gari halijafika.

"Kaka Aristides," aliniuliza, "linakuja kutoka wapi?"

Nilisema ni mtandao. Hellen akayafungua maagizo ya Dativa, akayasoma polepole kutoka juu hadi chini. Hayakuwa na kosa. Kisha akaingia ndani ya Ngazi yenyewe. Aliponieleza hakunitazama. Programu ilimtumia ujumbe dereva Rugaibula, ikaangalia papo hapo kama amesema "hapana". Alikuwa hajasema kitu. Basi ikaamua kwamba anakuja. "Hapana" yake, kwamba gari limekwama kwenye matope, iliingia baadaye, programu ikiwa imeshamaliza.

"Umeondoa kungoja," alisema. "Na hukuandika popote."

Nilianza kueleza faida zake. Alinipa mgongo, akampigia mwenyewe dereva wa pili, Bartholomayo, aliyekuwa Ijumbi akipakia ndizi. Bartholomayo hakushusha hata mkungu mmoja. Aliwasha gari akaondoka nazo.

Tukakaa. Mvua juu ya bati. Simu ya Dativa haikupatikana tena. Niliomba Mungu, mimi ambaye kanisani hukaa benchi la nyuma ili niwahi kutoka.

Jioni Dativa akapiga. Wamefika hospitali, Muleba. Immakulata amefanyiwa upasuaji, ni mzima. Mtoto wa kiume, mzima. Hellen alilaza kichwa mezani akalia. Mimi nilitoka nje nikasimama mvuani kwenye migomba.

Jumatatu, 10 Machi
Hellen ameingiza "ngoja" yake. Tumekwenda nayo Ngenge. Dativa alisoma kwa sauti: "Mtumie Rugaibula. Ngoja jibu lake." Akasema sasa anajua mahali pa kuwa na wasiwasi. Hellen alikumbatiwa. Mimi nilipewa mkono.

Bibi wa mtoto, Mama Kokwijuka, alileta mkungu wa shukrani. Nikasogea karibu. "Waitu," akauliza kwa adabu ya Kihaya, "ni yupi kati yenu aliyempigia dereva?" Mkungu ukaenda kwa Hellen. Mtoto anaitwa Bartholomayo. Jina la pili bado lilikuwa wazi. Hakuna aliyeniuliza langu.

Jumatano, 12 Machi
Nimejifunza. Nimemwambia Hellen hivyo, na amenisamehe.

Ila "ngoja" ina kasoro. Dereva akizima simu, inangoja mpaka kesho. Hellen anataka muuguzi aandike, kwenye mstari unaoonekana, atangoja muda gani kabla ya kumwita mwingine. Mstari mzima. Unaharibu sura ya lugha. Nimeuweka ndani, ambako hausumbui macho ya mtu. Dereva akichelewa kujibu, Ngazi inamjibia.

Nilifikiri sana ijibu nini. Nimechagua "ndiyo". Madereva wa huku ni watu wema. Hellen nitamwambia watu wakishaizoea.