Aliyetembea kwa Niaba Yangu

Jumatatu, 16 Juni 2025
Semina ya furaha ya walimu, hapa shuleni Kotile. Mkufunzi kutoka Garissa, Bi Ilwad, anasema utafiti umethibitisha: mwalimu aliyechoka akitembea nusu saa kila siku, akizungumza na mwenzake, usingizi hurudi na hasira hupungua. Akatugawia saa za kuhesabu hatua. Atakayeongoza kufikia Ijumaa atapelekwa Nanyuki wiki nzima kupumzika. Nanyuki, kwenye baridi. Miaka minne sijavaa sweta. Lakini kutembea kwenye jua hili, hapana. Mwalimu Kagendo tayari anakaza kamba za viatu.

Jumanne, 17 Juni
Nimepata njia. Saa nimeifunga mguuni mwa punda wa Mursal, muuza maji. Nilimwambia ni mambo ya sayansi. Baada ya vipindi nikalala. Jioni: hatua 22,000. Kagendo, 9,000. Aliitazama miguu yangu kwa muda mrefu.

Jumatano, 18 Juni
Mursal alikuja adhuhuri. "Mwalimu, bunda yangu iko mgonjwa. Tangu asubuhi imelala tu." Saa alikuwa ameitundika kwenye ua wa miiba. Nikaenda kuichukua. Hapakuwa na hata upepo wa kuitikisa. Hatua 53,000. Nilipoishika iliongeza nne. Chini ya ua, nyayo za viatu zikielekea mtoni. Soli ina ufa kisigino cha kushoto, kama yangu.
Nikaiacha ining'inie. Inaongoza.

Alhamisi, 19 Juni
Watoto wa Gredi ya Sita wamenizunguka wakicheka. Eti jana mchana walinikuta njiani, nikawauliza habari za ngamia wao, mmoja mmoja, kwa Kisomali. Mimi Kisomali sijui zaidi ya salamu.
Kisha Kagendo akaniletea chai. Alishukuru kwa matembezi yetu ya jana kando ya Tana. Alinisimulia kifo cha mama yake, nami nikasikiliza bila kumkatiza. Amelala hadi alfajiri, mara ya kwanza tangu mazishi. Jana saa hizo nilikuwa kitandani, mlango nimeufunga kwa komeo. Nikamuuliza nilivaa nini. Akasema sweta, na ajabu ni kwamba sikutoka jasho.
Saa nane, dirishani, niliuona mgongo wangu ukishuka kuelekea mtoni. Haukuwa na haraka.

Ijumaa, 20 Juni
Nimeshinda. Hatua 140,000. Mwalimu mkuu, Bwana Shuaib, alinishika mkono mbele ya wote, kisha barua ya Nanyuki akampa Kagendo. Nikauliza kulikoni. Akajibu kwa upole kwamba asubuhi nilifika ofisini mwake mwenyewe, nikasema raha nimeipata hapa hapa, aende Kagendo. Akaniuliza mbona sura yangu imerudi ile ya zamani. Wenzangu walikuwa wakitabasamu, lakini walitazama nyuma yangu, mlangoni. Sikugeuka.
Niliogopa, nakiri. Nilijifungia chumbani hadi saa kumi. Halafu nikafikiri. Mtu huyu hachoki, watoto wanampenda, Kisomali anajua. Nikaacha nje ya mlango wangu madaftari arobaini na mawili ya insha, kalamu nyekundu, na kijikaratasi: zamu ya wiki ijayo ni yangu, tafadhali aanze Jumatatu.
Nimechungulia. Madaftari hayapo.
Sasa anabisha hodi, kwa sauti yangu. Nadhani anataka kujua alama zitolewe juu ya ngapi. Naenda kumfungulia.