Tarakimu Tano za Redio ya Honda

Jumatatu, 6 Oktoba 2008

Mama Teresina amepanda basi la Yei saa moja asubuhi. Kwa dada yake. Anarudi Jumamosi. Teksi yake, Toyota Corona, iko mikononi mwangu peke yangu, siku tano nzima! Kabla ya kupanda ameshika mlango wa gari akasema analiacha zima na analitaka zima, nisikate kitu, nisichokoe kitu. Kisha akaongeza, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba kuna kijana nadhifu wa steji yetu ya Malakia hapa Juba, Dunstan, amekuja nyumbani mara mbili kumsalimia.

Kumsalimia! Teksi anayoendesha Dunstan inauzwa na mwenyewe Desemba. Anautaka ufunguo wangu yule. Na ana muziki garini, mimi nina redio inayokwaruza. Hata Janepher muuza vitenge, mteja wangu wa tangu mwaka jana, siku hizi anapanda kwa Dunstan. Anasema kwangu anasikia kama watu wanakaanga mayai.

(Naandika kwa Kiswahili makusudi. Dunstan na mimi sote ni wa Masaka, Uganda, Kiganda changu angekisoma. Kiswahili chake ni cha kuitia abiria tu.)

Mchana nimekwenda Hai Jalaba kwa Ater, muuza vipuri. Ana Honda iliyogongwa na lori. Mbele imekunjamana, lakini redio, Mungu wangu! Nzima! Ya kiwandani kabisa, inameza CD, vitufe sita vimepangwa mstari mmoja. Tumebadilishana, redio kwa redio. Sijafika getini nikasikia kra! Ater alikuwa ameshaifumua ya Mama Teresina atoe spika. Basi, hakuna kurudi nyuma.

Mimi sikati kitu. Naboresha.

Jioni nimeisafisha kwa mafuta ya taa. Ubavuni palikuwa na karatasi chafu imebandikwa, imejaa vinambari vya ovyo. Nimeikwangua yote kwa kisu. Sasa inang'aa, utadhani imetoka dukani.

Jumanne, 7 Oktoba

Plagi ya Honda haiingii kwenye plagi ya Toyota. Hazifanani hata kidogo. Ater alisema nimwite aje aziunganishe, kwa kuwa rangi za nyaya za kiwanda kimoja si za kingine. Nikamwambia nyekundu ni nyekundu dunia nzima. Nimekata plagi zote mbili. (Waya si gari. Mama alisema gari.) Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, zilizobaki nimezipatanisha kwa busara. Redio ilikuwa inapwaya ndani ya tundu lake, nikaibana kwa kipande cha ndala ya mke wangu, Milly. Milly anaitafuta ndala hadi sasa.

Nikawasha. Kimya. Nikapiga ngumi. Kimya. Nikagusa swichi ya taa za mbele kwa bahati mbaya, redio ikaamka! Nikazima taa, ikalala. Nikawasha, ikaamka. Sawa. Kuna waya mmoja umepotea njia, lakini mwenye gari ni nani, mimi au waya?

Nikaenda mjini na taa zimewaka, saa sita mchana, jua kali. Ajabu! Magari yananipisha. Boda zinakimbilia mtaroni. Nikakumbuka kwamba Juba hii anayewasha taa mchana ni msafara wa mkubwa. Askari wa barabarani amesimamisha njia nzima akanipigia saluti. Nami nimempigia. Hata Dunstan alisogea pembeni na kushusha macho! Nikapungia mkono polepole, kiwaziri. Siku nzuri kuliko zote tangu nije Juba.

Ila redio haisemi. Inaandika tu kwamba inataka namba ya siri.

Nikarudi kwa Ater. Mafi muskila, akasema, hakuna shida, ndivyo zilivyo hizi. Ikikatiwa betri inajua imeibiwa. Hainyanyui mdomo mpaka uipe tarakimu zake tano. Betri ikitoka leo inauliza leo, ikitoka mwakani inauliza mwakani. Na majaribio ni kumi tu, ya kumi ukikosea inajifunga moja kwa moja.

Steji nzima wakaja kunisaidia. Mmoja akasema weka mwaka wa amani, elfu mbili na tano, na moja mwishoni. Vitufe vinaanzia moja, sifuri hakuna! Mwingine akataka mwaka wa uhuru wa Sudan. Tisa hakuna! Mimi nikataka uhuru wa Uganda, tisa ile ile. Historia yote ya nchi mbili haiingii kwenye vitufe sita. Tukajaribu moja mbili tatu nne tano. Tukajaribu tano kinyumenyume. Tukajaribu sita sita sita, nikaiona ni namba ya shetani, nikaongeza mbili za kuitakasa. Pamoja na ya kubahatisha, majaribio saba yamekwisha. Nikawafukuza wote.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeamkia kwa Ater, kuuliza namba. Akacheka. Namba imeandikwa ubavuni mwa redio, kwenye karatasi. Kila mtu anajua.

Nilikaa chini, juu ya tairi.

Mafuta ya taa! Kisu! Mikono yangu mwenyewe! Nikamuuliza kama ipo mahali pengine. Akasema ipo, huwa wanabandika ya pili nyuma ya kifuniko cha droo, ile ya mbele ya abiria. Tukakimbilia Honda. Droo haina kifuniko. Malesh, akasema Ater, samahani, kifuniko alikichukua mtu wiki iliyopita. Anakitumia kama sinia.

Mtu huyo ni Dunstan. Nani mwingine? Katika Juba nzima!

Nilimkuta steji anakula maharage juu yake. Nikamwambia, kirafiki, kwamba nimekipenda kifuniko chake. Dunstan si mjinga. Akakigeuza, akaona karatasi, akaniangalia, akaangalia Corona, akatabasamu. Alitabasamu vibaya sana. Akakisukuma chini ya kiti chake akafunga milango. Akasema anajua Mama Teresina anarudi Jumamosi, na anavyonipenda, atanipa tarakimu moja moja, kadiri ya wema wangu.

Wema wa kwanza: kuosha gari lake. Lilikuwa na tope mpaka juu. Nimeliosha kwa masaa mawili, Janepher akipita anauliza kama nimebadilisha kazi.

Tarakimu ya kwanza: ███

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya uhuru wetu Waganda, nami ni mtumwa. Dunstan amenitaka nisimame mbele ya steji yote niseme kwa sauti kwamba yeye ni dereva bora kunishinda. Nikasema. Akasema hakusikia. Nikarudia. Akasema na muziki wake je? Nikasema na muziki wake. Watu wakapiga makofi. Janepher alipiga zaidi.

Ya pili: ███

Mchana nimemwachia Dunstan abiria wanne, mmoja baada ya mwingine, nimekaa kwenye foleni kama gari bovu.

Ya tatu: ███

Sijalala vizuri. Naota Mama Teresina anaingia garini, anauliza redio yangu iko wapi. Nikipoteza ufunguo huu nimerudi kubeba mizigo soko la Konyokonyo. Na Milly ameshaona ndala.

Ijumaa, 10 Oktoba

Wema wa leo: kumpeleka mama mkwe wa Dunstan hadi mtaa wa Mangateen, na mbuzi wake. Nilidhani mbuzi mmoja. Wawili! Nimewatandikia gunia kiti cha nyuma. Mmoja alikula mkanda wa kiti, mwingine alinitazama kwenye kioo njia nzima. Mama mkwe ni mtu mwema, alinishukuru, akasema mkwe wake amemwambia mimi ni msaidizi wake.

Msaidizi!

Ya nne: ███

Nimefua kiti mara tatu. Bado kinanuka mbuzi kidogo, ila ukijua tu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nitaandika yote.

Asubuhi Dunstan akataja bei ya tarakimu ya tano. Anataka yeye ndiye aende paki ya mabasi kumpokea Mama Teresina, kwa Corona, mimi nibaki steji. Atamweleza tu nilichofanya, kwa nia njema. Nikaona ujanja wote wazi kama kiganja changu. Wiki nzima nilikuwa nalipia kamba ya kunyongea shingo yangu!

Nikasema hapana. Nikasema na maneno mengine ambayo siyaandiki.

Nikaondoka na taa zimewaka, barabara ikanipisha, askari akapiga saluti, nami nikapita tu. Nikaegesha paki. Nikabonyeza nne nilizopata. Imebaki moja. Ndipo akili ikanijia: vitufe ni sita! Haiwezi kuwa saba, wala tisa. Ni mojawapo ya sita hizi, na nina majaribio matatu! Mbona sikufikiri hivi jana, baada ya mbuzi?

Nikamaliza na moja. Kosa. Nikaanza upya, nikamaliza na mbili. Kosa! Limebaki jaribio moja, na vitufe vinne. Nikaingiza zile nne tena. Kidole kikaganda hewani. Tatu? Sita? Nikafumba macho nikaomba, nikaahidi mengi, ndala mpya kwa Milly ikiwemo.

Mlango ukafunguliwa. Mama Teresina! Basi lilishafika, sikulisikia. Ameketi na kikapu cha mananasi mapajani, amevimba miguu, anang'aa kwa furaha. Akasema ameniona toka mbali na taa zangu mchana kweupe, wanawake wote basini wakauliza mkubwa gani anapokelewa, naye akawaambia ni yeye. Hajawahi kupokewa hivyo maisha yake yote.

Nikasema ndiyo, Mama. Ni kwa ajili yako, Mama.

Ndipo akaiona redio. Akauliza hii ni nini inayong'aa, na kabla sijajibu, kidole chake hicho! Tii!

Nikafunika uso.

Kwaya! Kwaya ikajaa garini, safi, besi inatetemesha mananasi! Nikalia. Kweli, machozi, sioni aibu. Mama Teresina akapunguza sauti mwenyewe (hiyo Honda usukani wake uko kushoto, wa Corona uko kulia, kwa hiyo kitufe cha sauti kimeangukia upande wa abiria), akashusha pumzi ndefu, akasema afadhali. Ile ya zamani imemuumiza kichwa miaka mitatu. Alinyamaza kwa sababu alidhani mimi naipenda.

Miaka mitatu! Ningemwambia tu!

Akasema ufunguo ubaki kwangu. Yule Dunstan, akasema, anasalimia mno. Kisha akanusa, akauliza kama kuna mbuzi. Nikasema ni mananasi.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimelala kama mtoto. Nimekwenda misa ya kwanza na ya pili. Mwili mwepesi, Juba tamu. Milly amepata ndala mpya, amenisamehe ya kwanza.

Baada ya misa nimepita steji na kwaya kwa sauti ya juu. Janepher amerudi kwangu, kiti cha mbele! Dunstan amekasirika mpaka akatoa kile kifuniko chini ya kiti, akakwangua karatasi yake kwa sarafu mbele ya watu wote, vipande vikapeperuka. Eti sitazipata tena namba zake. Nilicheka mpaka nikashika mlango. Nani anazihitaji? Redio inaimba!

Mimi mwenyewe sitaki zionekane. Wezi ni wengi. Nimerudi nyuma kwenye daftari hili nikazifuta zote kwa wino mweusi, mistari mitatu mitatu, hazisomeki hata kwenye jua. Kichwani sikuziweka, kichwa kina mambo mengi. Ya tano, aliyobonyeza Mama, sikuiona hata kidogo. Bora hivyo. Siri isiyojulikana na mtu haiwezi kuibiwa.

Nimepata funzo kubwa wiki hii: mtu asiogope kuboresha. Ater ana honi ya basi, ya Nissan, ikilia Malakia nzima inaruka. Dunstan atadondosha sahani! Ater anasema nyaya zake ni tofauti na za Toyota na nimwite aje. Nimemwambia asijisumbue, nyekundu ni nyekundu.

Safari hii nitafanya kwa utaratibu, nisije nikapigwa shoti. Kesho asubuhi, jambo la kwanza kabisa, natoa betri.