Hotuba ya Kuzindua Filamu ya Edinah, Golikipa wa Kitale

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuratibu Kamati, Naibu wake, Kaimu wa Naibu wake ambaye amemtuma shemeji yake, waheshimiwa wawakilishi wa waheshimiwa ambao hawakufika, viongozi wa dini zote, wafanyabiashara wa mahindi wa hapa Kitale, wageni wetu kutoka Bungoma, kina mama wa soko la Misikhu, na wananchi wa kawaida, kama mpo. (Minong'ono. Wapo tangu saa moja.) Itifaki imezingatiwa, na yeyote ambaye sikumtaja ajue kwamba amezingatiwa kimyakimya.

Mimi, Daktari Wangila, Mkurugenzi wa Idara Shirikishi ya Michezo, Filamu na Ukarimu, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wasaidizi wangu wamenihakikishia hauna mfano katika ukanda huu wote wa magharibi, kuzindua rasmi filamu ya michezo na wema, inayotokana na kisa cha kweli kilichotokea mita mia mbili kutoka ofisini kwangu, na ambacho idara yangu imekifuatilia kwa karibu sana kupitia dirisha. (Makofi ya watu watatu, wote wa idara.)

Kisa mnakijua, lakini nitakisimulia kwa kuwa nimeandikiwa. Marehemu Dinah alikuwa akiuza nyanya kwenye baraza ya duka la hadiwea, la misumari na mabati, la Mama Kamaljit. Alipofariki aliacha mtoto wa miaka saba, Edinah. Jamaa walikaa kikao, kikao kikazaa kikao, na Mama Kamaljit, badala ya kungoja maazimio, akamwambia mtoto aingie ndani ale. Kitendo hicho, mabibi na mabwana, hakikufuata utaratibu wowote. (Kicheko.) Alimlisha kabla ya warsha, akamvisha kabla ya utafiti wa awali, kisha akaenda kortini mwenyewe, bila hata kunialika, akapewa karatasi za kumfanya mwanawe. Mumewe, Mzee Balwant, aliyecheza mpira wa magongo ujana wake wote, alimkabidhi mtoto gongo lake la zamani, akamsimamisha mbele ya mlango wa bati wa duka na kumpigia mipira kila jioni baada ya kufunga. Mlango ule una mabonyeo mpaka leo. Miaka kumi baadaye Edinah ni golikipa wa timu ya wasichana, na leo alasiri wanacheza fainali ng'ambo ya mpaka.

(Honi ya gari, ndefu.) Asante, dereva Kim wa gari la timu, kwa shangwe hiyo.

Takwimu hazidanganyi. Tangu idara yangu iundwe, ukarimu katika eneo hili umepanda kwa asilimia sitini na nne nukta mbili, kutoka sifuri. Wema kwa kila kaya umeongezeka maradufu, isipokuwa Jumatatu. Haya yote yatakuwemo katika filamu, ambamo, kwa ushauri wa wadau, yaani mastekiholda, tumepunguza kidogo sehemu ya Mama Kamaljit na kupanua sehemu ya Mkurugenzi, ambaye sasa ndiye anayempa mtoto chakula. (Sauti: "Ati wewe, bana?") Ni sanaa, ndugu yangu.

(Honi, mara mbili. Mama Kamaljit anasimama katika safu ya mwisho, juani, mkono wake umemshika Edinah, ambaye tayari amevaa pedi za miguuni. "Mkurugenzi, hiyo gari inaenda saa nne. Wewe weka muhuri, basi.")

Namshukuru mama kwa kuingilia. Wananchi, msije mkasema Wangila ana roho mbaya. Ni kweli kwamba pale mpakani Lwakhakha hawamruhusu mtoto kuvuka bila barua ya mlezi yenye muhuri wa idara yangu. Ni kweli pia kwamba barua hiyo imekaa mezani kwangu miezi mitano, na kwamba mama amekuja mara kumi na moja, akapewa kiti mara mbili. Lakini mkitazama filamu nzuri za namna hii, mtoto husaidiwa dakika ya mwisho, watu wakiwa wanalia. Muhuri huu, ambao hulala chini ya mto wangu ili usitumiwe vibaya, ndio kilele cha filamu yenyewe. Nikiupiga leo bila kamera, tutakuwa tumepoteza kilele!

(Edinah anainama, anaanza kufungua kamba za pedi. Mama Kamaljit: "Sawa, Mkurugenzi. Lakini si ufanye mazoezi kwanza? Mkono ukitetemeka siku ya kamera, watu watasema nini?")

Hoja nzito sana. Katibu, andika: mama ana kipaji cha uongozaji. Peris wa ofisini kwangu, niletee faili na meza ile yenye maua. Naketi hivi. Natazama mbali, kama mtu anayekumbuka utoto wake. Nasaini... hapa. Muhuri naupuliza kwanza, halafu, kwa huruma, naugonga. (Mlio wa muhuri unasikika.) Mmeona? Mama, sogea uipokee huku ukilia kidogo. Si lazima ukimbie. Mama! Hayo yalikuwa mazoezi! Edinah, mwanangu, rudisheni, hiyo ni mali ya idara! (Mlango wa gari unafungwa. Gari linaondoka. Kina mama wa Misikhu wanapiga vigelegele, uwanja mzima umesimama ukipiga makofi.)

Asanteni, asanteni, nimeguswa. Tuseme pamoja: Wema kwa mpango! Ukarimu kwa ratiba! (Watu bado wanalipungia gari mikono.)

Kwa kumalizia, nawashukuru waigizaji ambao tutawatafuta, wapiga picha ambao tutawaajiri, na wafadhili ambao bado hawajajibu barua zetu. Filamu haijaanza, kwa sababu tulikuwa tukingoja mwisho wake, na katibu ananinong'oneza kwamba mwisho wenyewe ndio huo umekata kona pale kwa wauza mahindi. Kuna yeyote aliyeupiga picha? Hata kwa simu?

(Hakuna. Mikono yote ilikuwa ikipiga makofi.)