Msimamo wa Kanda Kuhusu Msimu Mpya

Wananchi wa Newala, Masasi na vijiji vyote vya katikati walitangaziwa Jumatatu asubuhi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, kwamba Ofisi ya Uratibu wa Maoni, Kanda ya Uwanda wa Juu, imebaini kuwa maoni yao kuhusu msimu mpya yametofautiana kupita kiwango kinachokubalika. Wasiwe na wasiwasi. Hatua stahiki zinachukuliwa na ngazi husika.

Sauti iliyotangaza ilikuwa ya Optatus, Afisa Maoni Daraja la Pili, na yeye mwenyewe aliiona imetoka vizuri. Kasoro ilikuwa moja tu. Watu wa uwandani wanaujua msimu mmoja, wa korosho. Kufikia saa sita mchana, wakulima kutoka Chiwata walikuwa wameshusha magunia yao mlangoni mwa ofisi.

"Bei ni ngapi, afisa?" aliuliza mzee mmoja.

"Shikamoo, mzee. Hakuna bei. Huu ni msimu wa televisheni. Kuna watu wanaishi ndani ya chombo, huko angani, wanatafuta nyota ya kuhamia."

"Wameipata?"

"Bado. Ni mwaka wa kumi na kitu huu."

Mzee alitikisa kichwa kwa huruma, akawaambia wenzake wapakie upya. Waliondoka bila kugomba, kwa kuwa ofisi hiyo walishaizoea.

Mchezo wenyewe uliitwa *Chombo cha Mbali*. Ulifika Newala na biashara huria, pamoja na mitumba, soda za makopo na wanunuzi binafsi wa korosho wenye mizani ya kutiliwa shaka. Mama Severina alinunua dishi, akalisimika juu ya banda lake la video karibu na soko, akamwajiri Fakihi kutafsiri. Fakihi alisimama pembeni ya televisheni na fimbo, akakigeuza Kiingereza chote kuwa Kiswahili, na palipohitaji utani akachomeka Chimakonde. Watu walilipa kumsikia yeye kuliko kuwaona hao wa angani.

Ugomvi ulianza msimu mpya ulipoingia. Nahodha wa zamani, mzee mwenye ndevu aliyegawa maji kwa kikombe, kila mtu sawa na mwenzake, alikuwa ameondolewa. Aliyemrithi alikuwa kijana wa tai, aliyekuja na mwekezaji. Maji ya chomboni yakaanza kutolewa kwa wachache tu. Wazee wakasema mchezo umeharibika. Vijana wakasema wazee hawana macho, kwani chombo kipya kinang'aa na viatu vya nahodha ni vya hatari. Wanawake, ambao zamani walikuwa wakisinzia bandani, sasa walikaa mbele kabisa. Walisema kwa mara ya kwanza hao watu wa angani wanazungumza jambo la maana.

Jambo hilo walilijua. Pampu ya mtaa haikuwa mbovu. Kwa lugha ya ofisi ilikuwa katika mapumziko ya kiufundi, ikisubiri mtaalamu. Ilisubiri tangu mvua za mwaka juzi. Wanawake waliteremka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo jua likiwa limeshachoma, na mmoja wao alikuwa Paulina, mke wa Optatus.

"Baba Marko," alimwambia mumewe siku hiyo, akitua ndoo, "hayo maoni unayoyapatanisha, ya kwangu utayaandika?"

"Taarifa ya kanda ina nafasi ya maoni ya aina moja tu, Mama Marko."

"Basi andika nimechoka."

Hakuandika. Alikuwa amebakiza kidogo tu apandishwe kuwa Daraja la Kwanza na kuhamishiwa Masasi, mtaa wa Mkomaindo, kwenye nyumba yenye bomba. Alimwonea mkewe huruma, na kwa sababu hiyohiyo hakutaka kumuudhi mkubwa wake.

Mkubwa huyo alikuwa Mheshimiwa Reginald, Mkurugenzi wa Kanda. Kwa kofia yake ya pili alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya pampu, na nyumbani kwake palikuwa na tangi la saruji ambalo gari la ofisi lililijaza kila Ijumaa kwa sababu za kiutendaji.

"Wananchi wanasemaje?" alimuuliza Optatus.

"Maoni ni mchanganyiko, Mheshimiwa."

"Mchanganyiko ni wa zege. Mimi nataka maoni."

Optatus akaeleza kwamba tatizo huenda ni tafsiri. Ilisemekana Fakihi anaongeza chumvi. Wiki iliyopita alidai nahodha wa angani naye ana kofia mbili, na banda zima likacheka kwa dakika nzima bila sababu ya msingi.

Mheshimiwa hakucheka. Akaamua hapo hapo: Jumamosi mchana atahudhuria mwenyewe, Fakihi atapumzishwa, na tafsiri itafanywa na ofisi.

"Wewe si ulikwenda semina ya Kiingereza?"

"Nilikwenda, Mheshimiwa," alisema Optatus. Semina ilikuwa kweli. Ila chakula cha mchana kilikuwa pilau, na masomo yote ya maana yalipangwa baada ya pilau.

Jumamosi banda lilifurika. Mheshimiwa alikalishwa kwenye kochi lililoazimwa. Kabla ya mchezo kuanza alisimama akahutubia.

"Ndugu wananchi, kitakachosemwa hapa leo kwa Kiswahili ndicho msimamo rasmi wa ofisi yangu. Asitokee mtu kesho akasema vingine."

Watu wakapiga makofi. Fakihi, aliyekuwa amekaa nyuma na fimbo yake magotini, akapiga pia.

Kwenye kioo, watu wa chombo walikuwa wamemzunguka nahodha, wameshika vyombo vitupu. Nahodha akaanza kufoka. Optatus akasikiliza kwa jasho. Katika maneno yote aliyoyatoa yule kijana wa tai, alilitambua moja, nalo lilikuwa *maji*. Akamtupia jicho Mheshimiwa. Kiongozi hawezi kufoka mbele ya Mheshimiwa.

"Nahodha anasema," akaanza, "amesikia kilio chenu."

Banda likashangilia. Mheshimiwa akatabasamu, akamnong'oneza: "Endelea hivyo hivyo."

Nahodha akaonyesha kidole kwenye mlango wa chuma.

"Anasema yeye ni mtumishi wenu. Hawezi kulala na maji huku nyinyi mna kiu." Optatus alimwona Paulina, mstari wa mbele, akimtazama bila kupepesa. Ulimi ukaenda wenyewe. "Anasema tangi la nyumbani kwake liko wazi kwa wote, kuanzia kesho asubuhi, hadi pampu itakapopona."

Wakati huo nahodha alikuwa akiufunga ule mlango kwa kufuli na kuwaelekezea watu bunduki ya mwanga. Hakuna aliyejali. Makofi yalitikisa mabati. Mheshimiwa, ambaye hakuwahi kupigiwa makofi ya namna ile, akainuka na kupunga mkono.

"Hayo ndiyo maneno ya kiongozi," alisema. "Nayaunga mkono kwa asilimia mia."

Jumapili asubuhi foleni ya ndoo ilianzia getini kwake ikakunja kona hadi sokoni. Mheshimiwa alitoka na kanzu ya kulalia.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Mama Severina. "Tumeitikia wito."

"Wito gani? Ile ni sinema. Aliyesema ni nahodha."

"Nahodha kasema Kizungu, Mheshimiwa. Hicho sisi hatukijui. Kiswahili ndicho ulichosema ni msimamo wa ofisi yako."

Mheshimiwa akaagiza Optatus aletwe. "Sema ukweli. Ulitafsiri sawasawa?"

Optatus akaifikiria nyumba ya Mkomaindo na bomba lake. Kisha akamwona mkewe katika foleni, na kitenge chake cha kanisani na ndoo yake ya kila siku.

"Nilitafsiri kwa mujibu wa semina, Mheshimiwa," alisema taratibu. "Na kwa heshima zote, ukikanusha, kanda itakuwa na maoni mawili. Ya Jumamosi na ya Jumapili. Utakuwa mchanganyiko, na wewe ndiye utakayekuwa umeuanzisha."

Mheshimiwa akafungua geti.

Tangi lilikauka kabla ya adhuhuri. Lilipojazwa, lilikauka tena, maana msimamo ulikuwa haujabadilika. Mafuta ya gari yalipokwisha, Mheshimiwa mwenyewe alionekana akiteremka bondeni na dumu, suruali ameikunja. Alipofika kisimani alipita moja kwa moja hadi mbele, kwa mazoea.

"Foleni inaanzia kule, baba," aliambiwa.

Mtaalamu wa pampu alipatikana wiki hiyohiyo. Kilichohitajika kilikuwa kipande cha mpira, cha kununua kwenye fungu sokoni Masasi.

Optatus hakupandishwa daraja. Aliachiwa hata hivyo kazi ya kuandika taarifa ya mwisho, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Aliandika kwa kifupi: msimu mpya umepokelewa vizuri na wananchi wote wa kanda, isipokuwa mmoja, mwenye tangi.