Mkufu wa Mama Maurine

Jumatatu, 12 Mei

Jana ilikuwa Siku ya Akina Mama. Owino kampelekea mama mkwe friji. Friji! Ya milango miwili! Mimi nilipeleka kadi. Mama Maurine akaitumia kujipepea.

Owino kamwoa Maurine, binti wa kwanza. Mimi namtaka Winny, wa pili. Namtaka mwaka wa tatu huu. Leo Winny kaniambia bila kupepesa macho kwamba mamake anashangaa mwanamume mzima anayeshinda akitunga shanga atamlisha bintiye nini. Na kwamba yeye mwenyewe kachoka kungoja. Mama asiponiita mwanangu kabla mwezi huu haujaisha, kila mtu ashike njia yake.

Nampenda huyu msichana, jamani.

Kweli, shanga hazinilishi. Ni raha yangu tu. Natoka kazini, naingia chumbani kwangu Kaloleni, nashika koleo na waya wa shaba, hereni inatokea, roho inatulia. Wengine hunywa.

Lakini nina wazo! Jumapili Mama Maurine anasimikwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Atasimama mbele ya umati, shingo tupu. Friji haivaliwi!

Jumanne, 13 Mei

Eastleigh, kwa Batulo muuza shanga. Nikaona mzigo mpya. Shanga ndogo ndogo, nyekundu na dhahabu, zimeshatungwa kwenye nyuzi ndefu ajabu, na vikengele vidogo ncha zote mbili. Nikasema nazitaka.

Batulo akauliza kama ni za mke wangu. Nikasema sina mke, ni za mama mkwe. Akauliza tena pole pole, za nani? Nikarudia, nikaongeza kwamba atazivaa kanisani. Akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika. Kisha akatoa shanga kubwa za mbao, akasema za shingoni ni hizi.

Namjua Batulo. Mzigo mzuri huwawekea wateja wa harusi. Nikamwambia shanga nimezianza zamani, asinifundishe. Akasema haya, Mungu akusaidie. Nikaitikia amina.

Alhamisi, 15 Mei

Kazi imenoga! Shida moja: uzi ni mrefu mno. Shingo ya nani hii, ya twiga? Nikaukunja mara tatu. Nikasuka ua la waya wa shaba, nikalitia katikati. Vikengele nimeviacha. Mwenyekiti akija lazima watu wajue.

Owino kapita. Alikuja kunipeleleza, najua. Akauona mkufu, akacheka mpaka akakaa kitandani bila kukaribishwa. Huyu kasoma Mombasa, basi anajiona kaona kila kitu. Nilikasirika! Lakini ghafla akawa mtu mwema. Akasema kazi hii haina mfano. Akajitolea kuninunulia kisanduku. Akajitolea hata kukipeleka mwenyewe nyumbani kwa wakwe, mtaani Fedha, maana si heshima mimi kumkabidhi mama mkwe kitu mkononi. Akasema hatasahau kutaja kimetoka kwa nani.

Kijicho kimemwisha. Amekubali kushindwa.

Jumapili, 18 Mei

Sijui nianzie wapi.

Mama Maurine aliingia kanisani na mkufu wangu. Ching, ching, kila hatua. Vichwa vyote viligeuka. Alikuwa anatabasamu! Akatazama upande wangu, akatikisa kichwa kidogo, ndiyo. Winny akanibana mkono. Nikajiona tayari nimo kwenye suti ya harusi.

Halafu Mbeti wa kwaya. Mbeti kazaliwa Mombasa, kalelewa Mombasa. Akautazama ule mkufu, akaacha kuimba katikati ya ubeti. Akamwinamia jirani yake. Mnong'ono ukapita benchi hadi benchi kama kapu la sadaka. Akina mama wakashika midomo. Mchungaji, maskini, akawaomba wenye furaha waishiriki na wenzao. Mbeti hajui kunong'ona mara mbili. Akasema kwa sauti kwamba hicho kitu huvaliwa chumbani, mlango umefungwa, tena kiunoni!

Mama Maurine akashika shingo. Ching. Owino alikuwa amejikunja chini ya benchi, ati anatafuta kitabu cha nyimbo.

Nje, Winny akanieleza kama anayemweleza mtoto. Ni shanga za mke. Vikengele ni vya masikio ya mume peke yake. Na mimi nimemtumia nani? Mamake! Mwenyekiti! Akavua pete ya waya niliyomtengenezea, akaniwekea kiganjani, akaenda zake.

Nimelia. Sioni haya kuandika. Nimelia mpaka jirani kagonga ukuta.

Jumatano, 21 Mei

Simu kutoka kwa Mzee, babake Winny. Mtu huyu katika miaka mitatu kaniambia neno moja tu, karibu. Leo kasema mawili: njoo nyumbani.

Nilikwenda Fedha kama mtu anayekwenda kunyongwa. Mzee akawafukuza wote sebuleni. Winny akatoka bila kunitazama. Nikapiga magoti, nikaanza kuomba radhi. Akaniambia niinuke, namzibia upepo. Akauliza shanga zile nilizitoa wapi. Nikasema Eastleigh. Akauliza kama bado zipo. Sikuelewa. Akatazama dirishani, akasema kwa sauti ya chini kwamba ujanani alifanya kazi ya reli kule Mombasa, na sauti ile alidhani ameshaisahau.

Mara nikasikia jikoni. Ching.

Mama Maurine akaingia na chai. Nikaangalia sakafu. Nikatazama kwa kuibia mara moja tu. Shingoni hana kitu! Hana hata uzi! Lakini kila hatua, ching, ching. Mzee akakohoa, akatabasamu kama kijana. Mama Maurine akaniwekea kikombe cha kwanza, mimi, kabla ya mumewe, akasema karibu chai, mwanangu.

Mwanangu!

Mzee akasema wazee wangu waje Agosti, nisicheleweshe mambo. Winny alikuwa mlangoni, kasikia kila neno. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akanyoosha kidole nimrudishie pete yake. Nikaiangusha mara mbili.

Alhamisi, 22 Mei

Winny kaniapisha. Shanga nitunge nipendavyo, lakini nisimpe mama yeyote wa watu, maisha yangu yote. Nimeapa kwa moyo safi.

Ila nimekaa nimefikiri. Walicheka wote, Batulo, Mbeti, kanisa zima. Na nani alikuwa sahihi? Nyumba ya wakwe imechangamka, mimi nimeitwa mwanangu, harusi ipo. Mtu mwenye jicho kama langu kufunga mikono ni dhambi.

Mke wa mchungaji anatimiza miaka hamsini Jumamosi. Mwanamke mpole, uso mzito siku hizi, na mchungaji naye anahubiri kama mtu aliyekosa usingizi mzuri. Safari hii nimekunja mara nne, mkufu umebana kabisa, hakuna wa kusema si wa shingoni. Na vikengele nimeongeza sita.

Mchungaji atanishukuru.