Siku Thelathini za Blogu na Posa ya Dada Zuwena

Jumatano, 18 Juni 2025

Siku ya kumi na nane ya chalenji. Makala kumi na nane, sijaruka hata moja! Kundini tulianza watu arobaini na mmoja, tumebaki sita. Sheria ni moja tu: kila siku ya Juni unapandisha makala mpya isiyopungua maneno mia mbili kwenye blogu yako kabla ya saa moja jioni. Ukikosa, admini anakutoa bila hata pole. Walimu wawili wameshatoka. Mhasibu mmoja katoka analalamika. Mimi niliyeishia kidato cha pili nipo. Elimu wanayo, pumzi hawana.

Makala ya leo: "Faida Tano za Kulala Umesimama". Nimeiandikia chooni, hapa kiwandani Zegereni ninapopakia ndoo kwenye malori. Supavaiza akagonga mlango mara mbili, akauliza kama naumwa. Nikamjibu tumbo. Akanionea huruma, akaniruhusu niende hospitali. Nikaenda kununua bando.

Firdausi naye hajatoka. Ni fundi cherehani pale Tumbi. Anahesabu maneno ya makala zangu moja moja, akikuta hayajafika mia mbili ananishtaki kwa admini. Tumewekeana: atakayetolewa kwanza ataandika makala nzima ya kumsifu mwenzake, na picha juu. Ubaya mmoja. Firdausi ni mdogo wake Faraji, na Faraji ndiye anayemposa dada yangu Zuwena.

Alhamisi, 19 Juni

Mama kapiga simu kutoka nyumbani Vihingo. Washenga wa Faraji wanakuja Jumapili saa tano asubuhi kupanga mahari. Natakiwa niwepo kubeba viti, kuchota maji na kukimbiza kuku. Nikamwambia Jumapili nina makala. Akauliza huyo Makala ni mtoto wa nani. Nikaeleza. Akasema basi nije naye.

Dada Zuwena akachukua simu. Sauti ya chini. Kanikumbusha ana miaka thelathini na moja, na kwamba wachumba wawili wa nyuma walitoweka baada ya Mjomba Abdulkadiri kuwatajia mahari. Mmoja hajaonekana Kisarawe mpaka leo.

"Sadick, huyu nampenda. Usiniharibie."

Mimi? Nikashangaa kweli. Mimi nimeharibu nini katika dunia hii?

Jumamosi, 21 Juni

Nipo Vihingo. Simu zinaingia, ila intaneti inakamata sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya zizi la mbuzi, mkono ukiwa juu.

Baada ya alasiri tukawa na kikao cha familia. Mjomba ndiye msemaji wetu tangu Baba afariki. Mpango wake: ataanza na mbuzi watatu, kanzu na kilemba chake, blanketi la Bibi, na friji. Wakilalamika, atasimama kwa hasira kama anaondoka. Atasimama mara tatu. Ya tatu anashika kabisa kitasa cha mlango. Halafu atarudi kwa huruma na kuachia vyote, abakize mkaja wa Mama, kwa kuwa ndiye aliyembeba Zuwena tumboni, na msahafu wa Zuwena mwenyewe. Hayo mawili ndiyo tunayoyataka kweli. Zuwena kamwapisha asizidishe. Mjomba naye akatuapisha wote: neno lisitoke chumbani humu.

Nikaapa. Nikatoka nje, nikapanda kichuguu.

Maana wazo limenipiga kama radi! Kesho sina nafasi ya kuandika. Dawa ni kuandika leo, niiwekee muda ijipandishe yenyewe. Wageni wanafika saa tano. Saa saba wamekula. Saa nane wapo njiani kurudi. Nikaweka saa nane mchana. Kichwa: "Jinsi Mjomba Wangu Alivyowachezesha Washenga". Nimeandika yote, kusimama kwa kwanza, kwa pili, kitasa. Mshenga wao, Mzee Mwishehe, sijawahi kumwona, ila nikaandika kwamba tumbo lake liliingia ndani kabla yake, na kwamba alikula sahani nne za pilau. Mshenga asiye na tumbo sijawahi kumwona pia.

Maneno mia nne. Firdausi na ahesabu mpaka achoke.

Jumapili, 22 Juni

Saa tano hawakuja. Saa sita hawakuja. Saa saba Mama akaifunika pilau kwa kanga mbili. Simu ikaja: gari limewafia Kisarawe mjini, wanasubiri fundi. Saa nane ikanikuta nabeba ndoo ya maji. Nikatabasamu. Makala imeshapanda! Wengine wanahangaika, mimi napandisha nikiwa na ndoo kichwani. Zaidi ya hapo sikuwaza kitu.

Wakafika saa tisa na nusu. Firdausi akashuka wa kwanza, anacheka kwa pua. Nikampa Mzee Mwishehe shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama mlango utamtosha yeye na tumbo lake kwa pamoja au watangulizane. Nikasema moyoni, mzee mcheshi huyu.

Wakaketi. Mjomba akakohoa, akaanza na mbuzi. Kanzu. Kilemba. Blanketi. Friji. Wageni hawalalamiki. Wanatikisa vichwa tu, kama watu wanaosikiliza redio. Mjomba hakuwa amejiandaa kwa watu wasiolalamika. Akarudia friji, akaifanya ya milango miwili.

Mzee Mwishehe akamwangalia kwa upole.

"Sheikh wangu, sisi tunakusubiri usimame. Ile ya kwanza, ya hasira."

Mjomba akasimama, na safari hii hasira ilikuwa ya kweli. Mshenga akakunja kidole kimoja. Mjomba akageuka kwenda mlangoni. Firdausi akamwelekeza kitasa kilipo. Kisha akatoa simu, akatusomea makala yangu, aliyoifungua kule Kisarawe mjini wakisubiri fundi, kuanzia juu hadi chini, pamoja na alama za mshangao. Nikiri kitu: anasoma vizuri.

Mjomba akasema kikao kimefungwa na posa irudi ilikotoka. Nyuma ya pazia nikasikia mtu anaweka sinia chini taratibu. Ni Zuwena. Wageni wakaondoka bila kunawa mikono.

Nimesomwa na watu mia tatu na arobaini. Sijawahi kufikisha hata hamsini. Nilitaka kumwambia mtu, sikupata wa kumwambia.

Jumanne, 24 Juni

Bado nipo Vihingo, kiwandani wanajua naumwa tumbo. Zuwena hasemi na mimi. Ananipitishia ugali kwa mkono wa Mama. Mjomba naye kanihukumu: niende Tumbi kumwomba radhi mshenga, na jogoo nimbebe mkononi, si kwenye tenga, watu wanione.

Wameniona. Nimeandika makala ya leo kwa kidole gumba kimoja, jogoo kwapani. Alinidonoa mara tatu, mara moja akadonoa kioo cha simu na makala ikapanda ikiwa nusu. Firdausi kahesabu: maneno mia mbili na moja. Jogoo ana hesabu kali.

Mzee Mwishehe alikuwa barazani. Nikapiga magoti, nikaomba radhi kwa habari ya tumbo. Akasema tumbo halina neno, ni lake na analijua. Kilichomuuma ni zile sahani nne.

"Umelilisha jina langu pilau, kijana. Mimi nimerudi Tumbi na njaa."

Akasema yeye yuko tayari kuja tena. Tatizo ni Mjomba, aibu imemkaba.

Alhamisi, 26 Juni

Leo Zuwena kamfuata Mjomba zizini. Nilikuwa juu ya kichuguu nikisikia kila kitu, maana nilikuwa naandika. Hakupaza sauti. Kamwambia mahari kwa dini yetu ni haki ya mwanamke, na mwanamke mwenyewe ni yeye, na amechagua msahafu. Mkaja wa Mama upo pale pale. Akamwambia pia kwamba wageni wanajua mwisho, sisi tunajua mwisho, sasa anasimama kwa ajili ya nani? Mjomba akajikung'uta kanzu yake. Akauliza kama kanzu nayo haiwezekani. Zuwena akasema kanzu atamnunulia yeye.

Wageni watarudi Jumamosi. Kwa hiyo makala yangu imemwokolea mtu friji. Shukrani sijaisikia bado.

Jumamosi, 28 Juni

Asubuhi Zuwena akanyoosha mkono. Simu. Akaifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani. Nikamwambia nina siku tatu tu zimebaki. Akasema na yeye ana moja.

Saa nne wageni wakafika, yaani kabla ya wakati! Saa tano mambo yakaisha. Msahafu, mkaja, fatiha, vigelegele. Ndoa ni tarehe kumi na tisa Julai. Zuwena akalia, akacheka, akanipiga kofi la mgongo, akanipa nyama ya paja. Mzee Mwishehe akala sahani nne. Nilihesabu. Sasa makala yangu ni ya kweli, na hakuna anayetaka kulisikia hilo.

Saa moja jioni ikapita, simu iko kabatini. Nimetoka! Lakini Firdausi naye alikuwa uwanjani anacheza ngoma tangu mchana, mtandao hana, hajaandika hata neno. Admini katutoa wote wawili kwa mkupuo. Jina lake limetajwa kwanza. Nikamdai makala yangu ya sifa. Kasema shemeji hadaiwi.

Jumatatu, 30 Juni

Kublogi ni kwa watu wa zamani. Kesho inaanza chalenji ya video, siku thelathini, na harusi imo katikati! Siku ya harusi sitakuwa na nafasi, kwa hiyo nimeanza kurekodi mapema. Leo nilihitaji Mama akilia kwa kumuaga bintiye. Nikawafungia kuku wote wa harusi stoo, nikamwambia wameibiwa. Amelia dakika mbili kamili. Kitu safi.

Nikakaa kukata video, nikasahau kumwambia ni uongo. Kumbe keshafika kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mtu anayemshuku ni Mjomba.

Naona wanakuja huku, watu kama ishirini, Mjomba katikati ameshikwa kanzu. Mwanga wa jioni umekaa vizuri mno. Nimewaomba wasimame kidogo, warudi mpaka kule kwenye mchungwa, halafu waje tena.